Jani linavyogeuza mwanga kuwa nishati, na kwa nini dawa ya magugu ya mahindi huua maharage

Kila msimu wa palizi swali hili hurudi. Mkulima amepanda mahindi na maharage katika shamba moja. Magugu yamemzidi, vibarua ni ghali, akaenda duka la pembejeo akanunua dawa ya magugu ya mahindi. Akapulizia. Baada ya siku chache magugu yakaanza kufa, mahindi yakabaki yamesimama, lakini maharage nayo yakageuka njano, kingo za majani zikakauka, yakafa. Anauliza: dawa ni ile ile, shamba ni lile lile, mbona mahindi yamepona na maharage yamekufa?

Jibu limo ndani ya jani, katika kazi inayofanyika kila jua linapochomoza. Shuleni tulifundishwa kwamba mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga, maji na hewa ya ukaa, na kwamba kazi hiyo inaitwa usanisinuru. Wengi wetu tuliishia hapo. Katika makala hii tunaingia ndani zaidi na kueleza sehemu ya kwanza ya kazi hiyo: jinsi jani linavyonasa mwanga na kuugeuza kuwa nishati inayoweza kutumika. Ukiielewa sehemu hii, utaelewa pia dawa ya magugu inaua vipi, kwa nini jani huwa njano, na kwa nini chupa moja ya dawa inaweza kuwa hatari kwa familia nzima.

Ndani ya jani la kijani

Jani limejengwa kwa seli ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Ndani ya kila seli ya kijani kuna vijumba vidogo zaidi, mara nyingi makumi kadhaa, vinavyoitwa kloroplasti. Humo ndimo kazi inamofanyika.

Ndani ya kloroplasti kuna vifuko bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama chapati kwenye sahani. Ngozi ya vifuko hivyo ni utando mwembamba sana, na kwenye utando huo ndipo ilipo rangi ya kijani iitwayo klorofili. Klorofili hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu. Mwanga wa kijani huunyonya kidogo zaidi, na sehemu yake hurudi machoni petu. Ndiyo maana tunaliona jani ni la kijani.

Kumbuka mambo mawili kuhusu utando huu, kwa sababu tutayahitaji mbele. Kwanza, una ndani na nje, kama mfuko. Pili, haupitishi vitu ovyo. Kinachotaka kutoka au kuingia lazima kipite mlangoni.

Hatua ya kwanza: mwanga unanaswa

Klorofili haifanyi kazi moja moja. Mamia yake hukaa pamoja kama watu waliojipanga kupitishiana matofali kwenye ujenzi. Mwanga ukiipiga mojawapo, nguvu yake hupitishwa kwa jirani, na jirani kwa jirani, mpaka ifike kwenye klorofili maalumu iliyopo katikati. Mahali hapo tutapaita kituo cha mwanga.

Jani lina aina mbili za vituo hivi. Wanasayansi walivipa namba kwa mpangilio wa kugunduliwa, si kwa mpangilio wa kazi. Kwa hiyo, ingawa inachekesha, kazi huanzia kituo namba mbili na kuishia kituo namba moja.

Nguvu ya mwanga ikifika kituo namba mbili, hutokea jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Klorofili ya katikati inarusha elektroni moja. Elektroni ni zile chembe ndogo ambazo zikitembea ndani ya waya tunasema kuna umeme. Paneli ya sola iliyo juu ya paa nayo hufanya hivyo hivyo: mwanga unasukuma elektroni zianze kutembea. Tofauti ni kwamba jani halina waya, na linajitengeneza lenyewe kutokana na udongo, maji na hewa.

Hatua ya pili: maji yanapasuliwa

Klorofili iliyorusha elektroni sasa ina pengo, na pengo hilo lazima lizibwe haraka. Elektroni za kuziba zinatoka kwenye maji.

Pembeni mwa kituo namba mbili kuna fundo dogo la madini, lenye chembe 4 za manganizi na 1 ya kalsiamu. Fundo hili hushika molekuli 2 za maji na kuzipasua. Hutoka elektroni 4, protoni 4, na molekuli 1 ya oksijeni. Elektroni zinaziba pengo. Protoni, ambazo ni kiini cha hidrojeni, zinabaki ndani ya kifuko. Oksijeni haina kazi hapo, hivyo inatoka nje kupitia vitundu vya jani.

Hewa tunayovuta, sisi na ng'ombe wetu, ni mabaki ya kazi hii. Mmea haukusudii kutupatia oksijeni. Unahitaji elektroni za maji, na oksijeni ni kile kinachobaki.

Maji yanayopasuliwa ni sehemu ndogo sana ya yale ambayo mizizi inayanyonya. Mengi hupotea kama mvuke kupitia majani. Lakini sehemu hiyo ndogo ndiyo chanzo cha elektroni zote.

Hatua ya tatu: mbebaji na kiti chake

Elektroni iliyorushwa haitembei peke yake. Inahitaji mbebaji. Kwenye kituo namba mbili kuna nafasi ndogo, tuiite kiti. Mbebaji anakuja, anakaa kwenye kiti, anapokea elektroni 2, kisha anaondoka nazo kuzipeleka mbele. Kiti kinabaki wazi, mbebaji mwingine anakaa. Ni kama bodaboda kwenye kijiwe: anapakia, anaondoka, mwingine anasogea.

Kishike kiti hiki akilini. Ndicho kinachoeleza kifo cha maharage.

Mbebaji anapozifikisha elektroni kwenye kituo kinachofuata, anaingiza pia protoni kutoka nje ya kifuko kwenda ndani. Safari baada ya safari, protoni zinajazana ndani ya kifuko.

Hatua ya nne: mwanga unapiga mara ya pili

Elektroni zikifika kituo namba moja zimeshapungukiwa na nguvu. Hapo mwanga unazipiga tena na kuzirusha juu zaidi. Safari hii zinapakiwa kwenye molekuli iitwayo NADPH. Ifikirie kama gari la mzigo: imebeba elektroni zenye nguvu, tayari kuzipeleka mahali sukari inapotengenezwa.

Kwa kuwa kila elektroni inahitaji kupigwa na mwanga mara 2, na oksijeni 1 inatokana na elektroni 4, jani linahitaji angalau vipande 8 vya mwanga kwa kila molekuli moja ya oksijeni inayotoka.

Hatua ya tano: bwawa linafunguliwa

Sasa turudi kwenye zile protoni zilizojazana ndani ya kifuko. Fikiria bwawa la umeme, kama Masinga kwenye Mto Tana au Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji. Maji yamejaa upande mmoja wa ukuta. Yakiachiwa yapite kwenye tundu dogo, yanazungusha mtambo, na mtambo unatoa umeme.

Kwenye utando wa kifuko kuna mtambo mdogo wa namna hiyo, uliojengwa kwa protini, nao unazunguka kweli kweli. Protoni zinatoka kupitia mtambo huo, mtambo unazunguka, na kila mzunguko mmoja kamili unatengeneza molekuli 3 za ATP.

ATP ndiyo chaji ya kila kiumbe hai. Ina vipande 3 vya fosfeti vilivyofungwa kwa mfuatano. Kipande cha mwisho kikikatwa, nguvu inatoka na kazi inafanyika. Kikirudishwa, ATP imechajiwa upya. Msuli wa mkono wako unaposhika jembe unatumia ATP, kama ile ile iliyomo kwenye jani la muhindi.

Hadi hapa, kazi ya mwanga imekwisha. Jani limepata vitu viwili: ATP, ambayo ni chaji, na NADPH, ambayo ni mzigo wa elektroni. Hivi viwili havikai muda mrefu. Vinatumika papo hapo kuunganisha hewa ya ukaa kuwa sukari. Ili kutengeneza molekuli moja ya glukosi, jani huhitaji angalau ATP 18 na NADPH 12. Sukari ndiyo inayosafirishwa kwenda kwenye punje, kiazi au muwa.

Wanadamu walijuaje haya?

Haikuwa kazi ya siku moja. Mwaka 1779 daktari Mholanzi Jan Ingenhousz alizamisha majani ndani ya maji na kuona kwamba hutoa mapovu ya hewa yakiwa kwenye jua, na huacha yakiwa gizani. Aligundua pia kwamba ni sehemu za kijani tu zinazofanya hivyo.

Mwaka 1937 Robin Hill, Mwingereza wa Cambridge, alizitoa kloroplasti nje ya jani, akaziweka kwenye mwanga, na zikaendelea kutoa oksijeni hata bila hewa ya ukaa, mradi apewe kitu cha kupokea elektroni. Hilo lilionyesha kwamba kazi ya mwanga na kazi ya kutengeneza sukari ni kazi mbili tofauti. Mwaka 1941 Samuel Ruben na Martin Kamen kule California walitumia maji yenye oksijeni nzito na kuonyesha kwamba oksijeni inayotoka kwenye jani inatokana na maji, wala si na hewa ya ukaa.

Habari ya bwawa la protoni ilitolewa na Mwingereza Peter Mitchell mwaka 1961. Wenzake wengi hawakumwamini. Mwaka 1966 Andre Jagendorf, huko Marekani, alizifanyia kloroplasti jaribio gizani: aliziloweka kwenye asidi, kisha akazihamishia kwenye maji yasiyo na asidi. Zikatengeneza ATP bila mwanga wowote, kwa nguvu ya protoni peke yake. Mitchell alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Mwaka 1997 Paul Boyer na John Walker nao walipewa sehemu ya tuzo hiyo kwa kueleza jinsi mtambo wa ATP unavyofanya kazi.

Mwanga usio na njia huua

Tunazoea kufikiri kwamba mwanga ni mzuri kwa mmea siku zote. Sivyo. Mwanga ni nguvu, na nguvu ikikosa njia ya kupita huharibu.

Fikiria barabara yenye magari mengi, kisha daraja la mbele linafungwa. Magari yanaendelea kuja, foleni inarudi nyuma, na ajali zinaanza. Ndivyo ilivyo ndani ya jani. Mwanga unaendelea kuipiga klorofili, lakini elektroni hazina pa kwenda. Nguvu inayobaki inaishia kwenye oksijeni iliyo karibu na kuigeuza kuwa oksijeni kali, inayochoma tando na protini za jani.

Jani lina namna ya kujilinda. Ndani yake kuna rangi za njano na machungwa, za ukoo mmoja na zile za karoti na mahindi ya njano. Rangi hizi husaidia kugeuza nguvu iliyozidi kuwa joto la kawaida. Wakati wa ukame, mmea unapofunga vitundu vya majani ili usipoteze maji, hewa ya ukaa haiingii vizuri na kazi ya sukari inazorota. Hapo ulinzi huu hufanya kazi sana. Muhindi nao hukunja majani yake mchana wa jua kali, na hivyo kupunguza mwanga unaolipiga jani. Lakini ulinzi huo una kikomo.

Kwa nini maharage yalikufa

Sasa tunaweza kumjibu mkulima wetu. Moja ya dawa za magugu zinazotumika sana kwenye mahindi ni atrazini. Huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara, peke yake au ikichanganywa na dawa nyingine. Soma lebo, utaiona kwenye orodha ya viambato.

Mizizi huinyonya atrazini kutoka kwenye udongo na kuipandisha hadi kwenye majani. Humo inakwenda moja kwa moja kwenye kile kiti cha mbebaji, kwenye kituo namba mbili, na kukikalia. Mbebaji akija anakuta kiti kimechukuliwa. Elektroni hazipokelewi na safari inakatika. Jani linaacha kutengeneza ATP na NADPH, na mwanga wenyewe unaanza kulichoma. Ndiyo maana dalili huanza na majani ya chini, yale ya zamani: yanakuwa njano, kingo zinageuka kahawia, kisha yanakauka.

Muhindi una kiti kile kile. Haujaokolewa na kiti tofauti. Umeokolewa kwa sababu una protini zinazoikamata atrazini na kuifunga pamoja na kemikali nyingine ya mwilini mwake iitwayo glutathioni. Ikishafungwa hivyo, haiwezi tena kukikalia kiti. Mtama na muwa nao huweza kuivumilia. Maharage hayana uwezo huo wa kutosha, na mboga nyingi pia. Kwa maharage, atrazini haina njia ya kutofautisha kati yao na gugu.

Kutokana na hili kuna mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, usipulizie dawa yenye atrazini kwenye shamba la mahindi yaliyochanganywa na maharage, hata ukijaribu kupita katikati ya mistari. Dawa inafanya kazi kupitia udongo, na mizizi haijui mpaka wa mstari.

Pili, atrazini hubaki kwenye udongo kwa muda, hasa kukiwa na ukame au udongo wenye chokaa nyingi. Maharage ya msimu unaofuata yanaweza kuota vizuri, kisha yakafa yakiwa na majani machache. Lebo hueleza muda wa kusubiri na mazao yanayoweza kufuata. Hiyo ndiyo ya kufuata, si maneno ya jirani.

Tatu, ukitumia dawa ya aina moja kila mwaka, magugu huizoea. Mwaka 1970 iliripotiwa kutoka jimbo la Washington, Marekani, kwamba gugu moja lilikuwa halifi tena kwa dawa za ukoo wa atrazini. Baadaye ilijulikana kwamba kwa magugu mengi ya namna hiyo, badiliko dogo tu kwenye protini ya kiti linatosha kuifanya dawa ishindwe kukaa. Kubadilisha dawa kunasaidia, lakini angalia: metribuzini inayotumika kwenye viazi na diuroni inayotumika kwenye miwa nazo hukalia sehemu hiyo hiyo. Jina limebadilika, mahali pa kushambulia ni pale pale. Jembe, matandazo na mzunguko wa mazao havina tatizo hilo.

Atrazini pia hupenya hadi kwenye maji ya chini ya ardhi. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliamua kuiondoa mwaka 2004, ingawa Marekani bado inatumika. Usipulizie karibu na kisima, mto au lambo, wala usioshee bomba la kupulizia humo.

Parakwati: dawa inayoiba elektroni

Dawa nyingine, parakwati, inashambulia mwisho wa safari. Inakaa karibu na kituo namba moja na kuzipora elektroni kabla hazijapakiwa kwenye NADPH. Kisha inazitupia oksijeni na kuigeuza kuwa sumu inayopasua tando za seli. Baada ya kutupa, inarudi kupora tena. Chembe moja ya parakwati inaweza kurudia kazi hiyo mara nyingi mno.

Ndiyo maana kwenye jua kali magugu yaliyopuliziwa huanza kunyauka ndani ya saa chache. Siku ya mawingu, au ukipulizia jioni, inachelewa, kwa sababu bila mwanga hakuna elektroni za kupora. Usidhani dawa ni mbovu ukapulizia mara ya pili. Vilevile inaua sehemu iliyoguswa tu, haishuki mizizini. Magugu kama ndago na sangari huchipua upya.

Sasa sikiliza kwa makini. Mwili wa binadamu hauna klorofili, lakini una NADPH na una oksijeni. Parakwati ikiingia mwilini hupora elektroni kutoka kwenye NADPH yetu wenyewe na kufanya uharibifu ule ule. Hujikusanya kwenye mapafu, na mapafu ndiyo yenye oksijeni nyingi. Funda moja la dawa isiyochanganywa na maji linaweza kuua, na hakuna dawa ya kuiondolea sumu hiyo. Umoja wa Ulaya uliizuia mwaka 2007.

Kama ipo nyumbani, usiihamishie kamwe kwenye chupa ya soda, maji au pombe. Ifungie mbali na watoto na mbali na chakula. Ikimwagikia ngozi, vua nguo na osha kwa maji mengi na sabuni mara moja. Mtu akiimeza, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo hata kama anaonekana mzima, maana dalili mbaya huchelewa. Chukua chupa au lebo uende nayo. Daktari akijua mapema kuwa ni parakwati ataamua matibabu tofauti, hata suala la kumpa mgonjwa hewa ya oksijeni hulifikiria mara mbili.

Rangi ya jani inasema nini

Ukijua vifaa vya jani, rangi yake inasomeka vizuri zaidi.

Klorofili ina naitrojeni na, katikati kabisa, chembe moja ya magnesiamu. Naitrojeni ikipungua, mmea huitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye machanga. Kwa muhindi utaona majani ya chini yanakuwa njano kuanzia nchani kuelekea ndani, kwa umbo la herufi V. Magnesiamu ikipungua, majani ya chini huwa njano katikati ya mishipa, huku mishipa yenyewe ikibaki kijani.

Madini ya chuma hayahamishiki kirahisi ndani ya mmea. Upungufu wake huonekana kwenye majani machanga ya juu. Manganizi, ambayo tumeona inapasua maji, nayo huanza kuonekana kwenye majani machanga.

Fosforasi ndiyo iliyo kwenye fosfeti za ATP. Ikipungua, mahindi machanga hudumaa na majani huwa na rangi ya zambarau. Mbolea za kupandia, kama DAP, TSP na ya miamba ya Minjingu kutoka mkoa wa Manyara, hupeleka fosforasi shambani.

Rangi peke yake haitoshi kutoa hukumu. Baridi, maji yaliyotuama na magonjwa huweza kuleta rangi zinazofanana. Kama njano imetokea siku chache baada ya kupulizia, anza kwa kuifikiria dawa kabla ya kununua mbolea. Afisa ugani akipatikana, mwonyeshe jani lenyewe na lebo ya kila ulichotumia.

Maswali yanayoulizwa mara nyingi

Maharage yangu yameshaanza kuwa njano baada ya kupulizia. Naweza kuyaokoa?

Hakuna kitu unachoweza kupulizia kikaondoa atrazini ndani ya mmea. Yaliyoathirika kidogo yanaweza kutoa majani mapya. Yakifa, usirudishie maharage hapo hapo. Zao linalovumilia, kama mahindi au mtama, ndilo salama zaidi.

Je, ni hatari kulala karibu na mimea usiku kwa kuwa inatumia oksijeni?

Ni kweli kwamba usiku mmea haupasui maji, na unatumia oksijeni kama sisi. Lakini kiasi chake ni kidogo sana. Mtu mmoja aliyelala chumbani hutumia zaidi ya sufuria kadhaa za maua. Cha kuogopa chumbani ni jiko la mkaa.

Taa ya umeme inaweza kuchukua nafasi ya jua?

Inaweza, mradi mwanga uwe wa kutosha na uwe na nyekundu na buluu. Klorofili haiulizi mwanga umetoka wapi. Ila taa ya kawaida ya nyumbani ni hafifu mno ukilinganisha na jua la saa sita mchana.

Kwa nini mahindi yaliyobanana hayazai vizuri?

Majani yanafunikana. Yale ya chini hayapati mwanga wa kutosha kutengeneza ATP na NADPH, na mimea inagombania maji na mbolea. Nafasi inayoshauriwa kwenye mfuko wa mbegu imewekwa kwa sababu hiyo. Palizi nayo ni hivyo hivyo: gugu lililompita muhindi urefu linamnyima mwanga.

Kabla ya kununua dawa msimu huu

Jani ni mtambo unaoendeshwa na elektroni zinazotoka kwenye maji na kusukumwa na mwanga. Njia ikiwa wazi, tunapata chakula na hewa. Njia ikizibwa, mwanga ule ule unaolilisha jani unaliua. Dawa nyingi za magugu zimetengenezwa kwa kujua hilo, na hazichagui kati ya gugu na zao lisiloweza kujikinga.

Kwa hiyo dukani uliza mambo manne: kiambato chake ni nini, kinafaa zao gani, kinadhuru zao gani, na nisubiri muda gani kabla ya kupanda kingine. Hakikisha lebo ina namba ya usajili wa nchi yako. Tanzania usajili hufanywa na TPHPA, na Kenya na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu, PCPB. Kama una mahindi na maharage pamoja na muuzaji anakwambia dawa ya mahindi "haina shida", mwombe akuonyeshe mahali lebo inaposema hivyo. Asipoweza kukuonyesha, rudi na jembe lako.